Watoto Saba, Majina Sita

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: "Marehemu alijaliwa kupata watoto saba." Chini yake, kwa mwandiko wa baba ulionyooka kama wa ubaoni, yalifuata majina. Niliyahesabu kwa ncha ya kalamu. Sita. Nikayahesabu tena kutoka chini kwenda juu, kama nilivyojifunza, kwa sababu jicho likizoea kitu huacha kukiona. Sita. Nikafuta neno saba, nikaandika sita, nikahifadhi faili, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi nyumbani nikajisikia mtu mwenye kazi.

Kesho yake, huko Majimoto, kijijini kwetu, shangazi yangu alikaa kwenye mkeka mbele ya jeneza la mama yake akisubiri kusikia neno saba. Jina lake alijua halitasomwa. Alikuwa akisubiri namba tu. Namba hiyo niliitoa mimi, na nitaeleza nilivyoitoa bila kujitetea, ingawa kichwani nimeshajitetea mara nyingi mpaka utetezi wenyewe nimeukariri.

Nilikuwa nimerudi Mpanda na shahada ya lugha na woga mwingi. Nyumba yetu iko Kashaulili, mtaa wa pili kutoka sokoni, na chumba changu dirisha lake linatazama njia wanayopita watu wote wanaokwenda kununua vitu. Kwa hiyo watu wote waliniona. Kijana mzima, mchana kweupe, yuko kitandani na kompyuta mapajani. Niliomba kazi kila ilipotangazwa, na kila nilipotuma barua niliirudia kuisoma baada ya kuituma, nikitafuta kosa ambalo lingekuwa limeninyima kazi hata kabla hawajaifungua. Siku moja nikasoma kwenye simu kwamba kuna watu wanakaa nyumbani kwao wakisahihisha miswada ya watu wengine, na hiyo ndiyo kazi yao. Sikuamini. Halafu nikaamini kupita kiasi.

Nikaanza kujifunza. Masomo yalikuwa ya bure, mengi kwa Kiingereza, nikayapakua umeme ukiwepo na kuyasoma ukikatika. Nilikuwa na daftari la kanuni: maneno niliyoamua kuyaandika kwa namna moja, alama, namba. Kanuni mojawapo niliipigia mstari: popote mwandishi anapotaja idadi kisha akaorodhesha, hesabu orodha. Nyingine ilikuwa ukurasa huohuo, mistari mitatu chini, na sikuipigia mstari: jambo la ukweli usilibadilishe, muulize mwandishi.

Nyumbani hakuna aliyeniheshimu kwa hilo. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu, na alilichukulia somo langu kama tusi.

"Nimesahihisha madaftari ya watoto sabini kwa siku," alikuwa akisema, akisimama mlangoni bila kuingia, "nikiwa nimesimama, koti limejaa chaki. Wewe unasahihisha umelala."

"Nimekaa, baba."

"Kitandani kuna kukaa?"

Mama hakupiga kelele. Yeye aliniuma kwa upole. "Mwanangu, basi hata uwe unatoka kidogo watu wakuone. Mama wa pale jirani ameniuliza kama unaumwa. Mwingine anasema labda ni wale wanaoibia watu kwa mtandao." Na nje, kijana wa bodaboda aliyekuwa akiegesha pikipiki chini ya dirisha langu hakukosa siku. "Bosi! Ofisi imefunguliwa? Au leo mhasibu hajaja?" Wenzake wanacheka. Mimi nafunga pazia, halafu nakaa nikifikiria kama kufunga pazia kumewaonyesha kwamba nimeumia, kisha nalifungua tena, kisha nafikiria kama kulifungua ndiko kumewaonyesha.

Hivyo ndivyo nilivyo. Kwenye kundi la simu la wanaojifunza uhariri niliweza kuandika neno "sawa", nikalifuta, nikaandika "sawa kabisa", nikalifuta, mpaka mazungumzo yakahamia kwingine. Kundi hilo liliongozwa na mama mmoja mhariri wa Dar es Salaam ambaye hakuwa na huruma. Zoezi langu la kwanza, kurasa tano za hadithi ya mtu, alilirudisha na sentensi mbili: "Umehariri au umemfukuza mwandishi? Simwoni tena humu ndani." Nilimchukia wiki nzima. Nilimwona mama mwenye wivu na vijana. Sikuona kwamba alikuwa ananieleza nitakachokuja kukifanya.

Sasa niseme kuhusu shangazi.

Kwetu asili ni Majimoto, upande wa Mpimbwe, watu wa mpunga. Babu aliacha majaruba mazuri karibu na mfereji, na alipofariki, baba na ndugu zake waliyagawana kama wanaume wanavyogawana, yaani bila kumwita dada yao huyu. Shangazi ndiye aliyekuwa akiyalima majaruba ya pembeni tangu babu aanze kuugua. Walipomwambia ayaachie, alikwenda kulalamika baraza la kata, akasimama mbele ya watu, akaeleza, na akashinda. Nilikuwa darasa la sita. Nakumbuka baba aliporudi kutoka huko, alivua viatu, akaviweka sawasawa ukutani, akasema, "Sina dada pale." Tangu siku hiyo hakutajwa tena. Ikibidi, alikuwa "yule wa Majimoto." Mashangazi wengine walinyamaza pamoja na kaka zao.

Bibi alikuja kwetu Mpanda kuuguzwa, akakaa miezi mingi kwenye chumba kilichopakana na changu. Aliwasikia baba na ndugu zake wakipanga mambo ya mazishi kabla hajafa, kama wazee wanavyosikia kila kitu wakijifanya wamelala, akawaita. Akasema amezaa watoto saba na atazikwa na watoto saba. Baba akasema jina la yule halitasomwa na yeye. Wakavutana, mgonjwa na mwanawe wa kwanza, mpaka wakafika mahali: wasifu utasema watoto saba, na majina yatasomwa sita. Bibi akakubali. Akatuma ujumbe Majimoto: jina halimo, lakini kwenye hesabu umo, njoo. Na shangazi akajibu kwamba atakuja.

Haya yote wakubwa wote nyumbani waliyajua. Mimi nilikuwa chumba cha pili, na vipokea sauti vya simu masikioni, nikisikiliza somo la namna ya kuhakiki maandishi ya wengine.

Bibi alifariki alfajiri, na kufikia asubuhi turubai lilikuwa limeshafungwa uani. Wanaume walikuwa nje wakipanga gari la kwenda Majimoto. Baba akaingia chumbani kwangu, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, ameshika kauntabuku lake la jalada gumu.

"Haya, profesa. Si unasema unasahihisha maandishi ya watu? Wasifu wa bibi yako huu hapa. Chapa."

"Nichape kama ulivyo, au niuhariri?"

Akanitazama. Macho yalikuwa mekundu, na mimi badala ya kuona kwamba mtu huyu amefiwa na mama yake saa tatu zilizopita, niliona mtu anayenidharau.

"Ukiona kosa, rekebisha." Akacheka kwa pua. "Kama utaliona."

Nililitafuta kosa kwa chuki. Lazima niseme hivyo. Nilisoma kurasa zake mbili na nusu kama mtu anayepekua begi la mwizi. Alikozaliwa, kubatizwa, ndoa, kilimo, chama cha akina mama wa parokia, kuugua, kufariki. Hakuna kosa. Koma zote mahali pake. Herufi kubwa zote. Nilianza kuona joto usoni. Mwalimu wa darasa la tatu ameandika kurasa mbili na nusu na mwenye shahada hana la kufanya. Ndipo nikafika kwenye watoto.

Saba, na majina sita.

Nilifurahi. Nyumba ina msiba, wanawake wanalia chumba cha pili, na mimi nilifurahi. Nilimfikiria shangazi, kweli, kwa muda mfupi kama wa kupepesa jicho. Nikajiambia: yule hayumo, wamemtoa, kwa hiyo majina ndiyo sahihi na namba ndiyo kosa, baba ameandika saba kwa mazoea. Nilipanga hoja hiyo haraka, vizuri, na nikaipenda. Mimi ninayefikiria mara tisa kabla ya kuandika sawa. Baba alikuwa hatua kumi kutoka dirishani, namwona mgongo. Ningetoa kichwa tu nikamwita.

Ile sehemu ya programu inayoacha alama kila unapobadilisha kitu niliizima ili kazi ionekane safi. Nikatia kwenye flashi, nikatembea mpaka steshenari, nikachapa nakala, nikamkabidhi baba kwenye bahasha. Aliipokea bila kuifungua.

"Umeliona?" akauliza.

"Nimeliona moja."

Hakuuliza lipi. Gari lilikuwa linapiga honi.

Majimoto watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani, pikipiki zimelazwa pembeni ya mpunga. Shangazi sikumtambua mara moja. Nilimwona mwanamke mwembamba, mrefu, amejifunga kanga kiunoni juu ya gauni jeusi, amekaa mwisho wa mkeka wa watoto wa marehemu, na kati yake na ndugu zake kuna nafasi ya mtu mmoja ambayo hakuna aliyeikalia. Mkononi alikuwa na shada dogo la maua aliloshona mwenyewe, maua ya bustani na majani ya mpera. Alikaa wima. Alikuwa na uso wa baba.

Baba akasimama kusoma. Sauti yake ni ya darasani, inafika mbali. Alisoma vizuri. Alipofika ukurasa wa pili alisema, "Marehemu alijaliwa kupata watoto..." akanyamaza.

Nimeupima ukimya ule mara nyingi. Nimejaribu kuusoma kama wa mtu aliyepoteza mstari, kama wa mtu aliyebanwa na kilio. Lakini nilimwona macho. Yalishuka kwenye karatasi, yakapanda, yakaenda mwisho wa mkeka, yakarudi kwenye karatasi. Angeweza kusema saba. Alikuwa na saba kichwani, aliiandika kwa mkono wake, alimwahidi mama yake. Karatasi ikampa sita, safi, imechapwa, si kosa lake.

"...sita," akasoma.

Shangazi alibaki wima vilevile. Aliendelea kutazama mbele. Lakini baada ya kaburi kufukiwa, mwongoza ratiba, ambaye hakuwa mtu wa familia na alikuwa akifuata karatasi niliyochapa, alishika kipaza sauti akasema: "Sasa naomba watoto wa marehemu, wote sita, wasogee kuweka mashada." Wakasimama. Shangazi alikuwa ameshasimama. Alikuwa ameshapiga hatua mbili. Watu wa Majimoto wanamjua, wanajua ya baraza, wanajua kila kitu, na wote walikuwa wanamtazama akiwa wa saba katikati ya uwanja na shada mkononi. Akageuka. Akarudi mkekani, akakaa, akaliweka shada mapajani, na akaanza kung'oa majani ya mpera moja moja.

Hapo ndipo nilipoelewa. Sikujua bado ya makubaliano, lakini nilijua kwamba namba niliyoifuta ilikuwa yake. Mama ndiye aliyenieleza baadaye, kwa kunong'ona, nyuma ya jiko: makubaliano ya kitandani, ujumbe, kila kitu. Akamaliza kwa kusema, "Na wewe ukaona uonyeshe kusoma."

Siku ya tatu, kabla hatujaondoka, familia ilikaa kikao uani. Nilikuwa pale kwa sababu nilikuwa natumwa viti. Shangazi hakuitwa. Alikuja kwa miguu, tope la majarubani limemkauka mpaka magotini, akasimama ukingoni mwa turubai.

"Hamjambo nyie sita?"

Hakusubiri waitikie.

"Nina swali moja, nikijibiwa naenda zangu. Sita imetoka wapi?"

Baba akakohoa. "Ni makosa ya uchapaji."

"Ya uchapaji. Mashine ndiyo inajua mama yangu alizaa wangapi?"

"Aliyechapa huyo hapo." Baba akaninyooshea kidole bila kunitazama. "Muulize yeye. Yeye ndiye mhariri."

Miezi yote ile nilikuwa nikitamani baba aniite hivyo mbele ya watu.

"Shikamoo, shangazi," nikasema.

"Sikuja kuamkiwa. Unanijua?"

"Nakujua."

"Mimi nani?"

"Shangazi yangu."

"Kwa bibi yupi? Maana watoto wa bibi yako ni sita, na wote nawaona hapo wamekaa, wamenenepa. Mimi ni shangazi yako kwa wapi?"

"Nilihesabu majina," nikasema. "Majina yalikuwa sita."

"Ulihesabu majina." Aliyarudia maneno yangu polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Na ulipoona majina hayatoshi, ukaona bora upunguze watu."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na kanuni, ile niliyoipigia mstari. Sikuisema.

Akamgeukia baba. "Na wewe kaka, macho unayo. Ulisoma."

"Nilisoma kilichoandikwa."

"Miaka yote umefundisha watoto wa watu kusoma, kumbe wewe mwenyewe husomi mpaka uandikiwe." Mmoja wa mashangazi akaguna. Yeye hakumtazama. "Sikuomba jina. Jina nilikaa nikalifuta mwenyewe, nikasema sawa, mama amenipa namba, inanitosha. Arobaini mtachapa tena wasifu, kwenye kitabu cha misa. Nitakuja, nitakisoma kwa macho yangu. Nikikuta sita, msalaba wa mama simikeni nyie sita, na kwenye kaburi lile mimi hamtaniona tena. Mazao nitapanda palepale karibu, mtakuwa mnaniona mgongo."

Akaondoka. Baba akasema ajenda inayofuata.

Mpanda nilirudi nikiwa siwezi kufungua faili. Nilimwandikia yule mama mhariri wa Dar es Salaam, si kwenye kundi, faraghani, na ujumbe huo sikuufuta mara tisa. Niliumwaga wote na makosa yake. Alijibu baada ya siku mbili.

"Ulimuuliza mwandishi?"

"Hapana."

"Basi hukuhariri. Muulize sasa."

Nikafikiri, rahisi kwake kusema. Njia nyepesi ilikuwa kurudisha saba kimyakimya. Baba asingegundua mpaka kitabu kiwe mkononi mwa watu. Niliweka kidole kwenye kitufe zaidi ya mara moja. Lakini kila mara niliona ni mkono uleule, unafanya jambo lilelile gizani, na kwamba namba ikirudi hivyo, baba atasema tena ni makosa ya uchapaji, na shangazi atakuwa ndani ya familia kwa bahati mbaya.

Baba alipokuja na maagizo alikuwa mkavu. "Chukua ileile. Ongeza picha na nyimbo za misa. Mengine usiguse."

Nilichapa nakala moja, na pembeni ya mstari wa watoto nikaandika kwa kalamu: *Rasimu yako ya mkono inasema saba. Iliyochapwa inasema sita, nilibadilisha mimi bila kuuliza. Majina ni sita. Unataka iwe ngapi?* Nikaiweka mezani alipokuwa akinywa chai barazani. Niliandika swali lile nikijua kwamba heshima inakataa mtoto kumwandikia baba yake pembeni ya karatasi, na kwamba heshima hiyohiyo ndiyo ilinipa kisingizio cha kutomwuliza siku ile bibi alipofariki.

Alivaa miwani. Akasoma. Akavua miwani.

"Nini hiki?"

"Swali, baba."

"Naona alama ya kuuliza. Linamuuliza nani?"

"Mwandishi."

"Mimi ndiye niliyekushikisha penseli."

"Ndiyo, baba."

"Leo unaniandikia pembeni. Kwa kalamu. Kama mimi mtoto wa darasa la pili." Akaibana karatasi chini ya redio. "Chapa."

"Sitachapa bila jibu."

Sijui nilitoa wapi neno lile. Yeye pia hakujua. Mama alitoka jikoni, mikono ina unga. "Mwanangu, usituvunjie nyumba kwa ajili ya mtu mmoja."

"Mama, mimi ndiye nilimvunjia yeye."

"Na wewe umekuwa mkubwa lini?" baba akauliza. "Vijana wa kuchapa wamejaa Kashaulili. Wana mashine, wana adabu. Nani kakwambia tunakuhitaji?"

Kuanzia siku hiyo hakusema nami. Aliichomoa ekstensheni iliyokuwa ikileta umeme chumbani kwangu kutoka sebuleni, akaizungusha vizuri, akaifungia kabatini. Kompyuta ikafa siku hiyohiyo. Nikipita sebuleni kuna mgeni, alisema kwa sauti, "Huyo yuko kwenye mgomo." Kijana wa bodaboda akapata habari, sijui kutoka kwa nani. "Bosi, ofisi imekatiwa umeme?" Karatasi yangu ikabaki mezani barazani, imebanwa na redio, swali likiwa juu. Kila siku niliitazama nikipita. Hakuna jibu, hakuna hata mkwaruzo.

Arobaini ilipokaribia, asubuhi moja baba alivaa kofia, akachukua kauntabuku kutoka rafu ya juu, akaliweka kwapani, akatoka kwenda steshenari. Nilimtazama dirishani mpaka akakata kona. Halafu nikaenda barazani. Karatasi iliyochapwa, ile yenye sita, ilikuwa palepale chini ya redio. Ingekuwa rahisi zaidi kuchukua hiyo. Mchapaji angeisoma bila shida na kazi ingeisha upesi. Alikuwa amechukua mwandiko wake.

Nilitaka kuamini jambo fulani kuhusu hilo. Dakika kumi baadaye nikaamini kinyume chake: kwamba alichukua kauntabuku kwa sababu hakutaka kugusa kitu chenye kalamu yangu, basi. Na kwamba hata kama ni saba ndani ya daftari, anaweza kusimama juu ya mchapaji na kumwambia, hapo andika sita. Siku mbili zile sikula vizuri. Vitabu vilirudi kwenye boksi lililofungwa kwa gundi ya karatasi, na baba akalikalia kwenye gari njia nzima ya Majimoto.

Boksi lilifunguliwa kanisani, mlangoni. Nilipewa kitabu kama mgeni yeyote. Jalada tu lilikuwa na makosa mawili. Ndani, msichana wa steshenari alikuwa ameandika jina la parokia kwa namna mbili tofauti, ameruka mstari mzima wa wimbo, sala ya mwisho imeanza katikati ya sentensi. Mkono uliniwasha. Nikapita yote yale mpaka ukurasa wa watoto, nikasoma, nikasoma tena kutoka chini kwenda juu. *Marehemu alijaliwa kupata watoto saba.* Kisha majina sita. Msichana alikuwa amechapa alichokiona, hakuhesabu kitu, na aliyesimama nyuma yake hakumwambia abadilishe.

Shangazi alikuwa benchi la nyuma kabisa. Alikuwa akisoma na kidole. Kidole kilishuka ukurasa, kikasimama, kikakaa pale misa ikiendelea. Watu waliposimama kwa Injili, yeye alichelewa kusimama.

Kaburini, katekista aliyeongoza alisoma kutoka kwenye kitabu hicho. "Watoto wa marehemu, wote saba, wachukue mishumaa." Baba alikuwa mbele, ameshika msalaba wa mbao. Hakugeuka. Shangazi alipita katikati ya watu, akachukua mshumaa wa saba, akasimama, si mwisho wa mstari, bali pale anapostahili kwa kuzaliwa, wa tatu. Baba mdogo aliyekuwa hapo alilazimika kusogea. Hakuna aliyemwamkia. Yeye pia hakumwamkia mtu. Waliusimika msalaba watu saba wasiotazamana, wakashindilia udongo kwa miguu.

Chakula kilipokuwa kinagawiwa alinipitia, kitabu amekikunja mara mbili, anakichomeka kwenye fundo la kanga.

"Hiki umekiandika wewe?"

"Hapana, shangazi. Kimechapwa dukani."

"Nimejua." Alinitazama kwa uso ule wa baba, bila tabasamu hata kidogo. "Kina makosa mengi. Na mimi nimo."

Akaenda zake kupitia njia ya majarubani. Sahani yangu ilikuwa mkononi, na sikukumbuka kumwuliza kama amekula.